Nyumba ya Mzee Usiibomoe: Ikarabati Msimu kwa Msimu, Shamba Libaki na Mtaji

Mmezoea nikiandika hapa habari za mbolea, chulebuni na bei ya mahindi. Leo nazungumzia nyumba. Kuna atakayesema bwana shamba ameishiwa mada. Sijaishiwa. Kwa miaka niliyozunguka kwenye vijiji vya huku Mbozi nimeona mitaji mingi ya vijana ikiishia kwenye tofali, halafu msimu ukifika mtu anakuja kuniuliza atapata wapi mbolea ya mkopo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Kama nyumba ya wazazi wako ina msingi mzima na kuta zilizosimama wima, usiibomoe, na wala usikimbilie kuanzisha nyingine mpya pembeni. Ikarabati kidogo kidogo, kazi moja kila msimu, kwa hela inayobaki baada ya kutenga ya pembejeo. Na uanze na sehemu zinazolisaidia shamba: paa, maji na stoo. Rangi na jipsam zitakuja zenyewe.

Mapagale yamejaa mashambani

Pita barabara yoyote ya vijijini kwetu uhesabu mapagale. Msingi umemwagwa, boma limepandishwa hadi kwenye lenta, halafu basi. Ndani yanaota majani, mbuzi wanajikinga jua. Ukiuliza mwenyewe yuko wapi, unaambiwa yuko kwenye nyumba ile ile ya zamani na wazazi wake, na paa bado linavuja.

Namfahamu kijana mmoja mwenye ekari 3 za kahawa, mchapakazi kweli kweli. Mwaka ambao bei ilikuwa nzuri alichimba msingi wa vyumba vinne. Mwaka uliofuata hela yote ya kahawa ikaenda kwenye tofali, saruji na nondo. Dawa za kopa hakununua, mbolea akaweka nusu. Kutu ya majani na chulebuni hazikumsubiri amalize nyumba. Mavuno yakashuka, na yalivyoshuka boma nalo likasimama. Leo ana kahawa iliyochoka na nyumba isiyo na paa. Mama yake bado analala kwenye chumba ambacho mvua ikianza usiku inabidi asogeze kitanda.

Hapo ndipo penye uchungu. Hela aliyotumia ingetosha kuezeka upya nyumba ya mama, kuweka gata na tanki, na bado akanyunyizia kahawa yake.

Nyumba zenyewe ni zipi

Nazungumzia nyumba ambazo wazazi na babu zetu walijenga miaka ya 1970 na 1980. Nyingine zilijengwa baada ya Operesheni Vijiji, nyingine kwa hela ya kahawa. Tofali za kuchoma, zimeunganishwa kwa udongo. Paa la bati, madirisha madogo ya mbao, sakafu imepasuka, jiko liko nje. Kwa macho ya leo ni ya kizamani, sikatai.

Lakini fikiria gharama za kujenga. Hela nyingi inakwenda kwenye msingi, kuta na paa. Nyumba ya mzee tayari inakupa viwili vya kwanza bure. Mzee alifyatua zile tofali mwenyewe, akazichoma kwa kuni zake. Ukibomoa, unalipa vibarua wa kubomoa, kisha unalipa tena kununua kitu ulichokuwa nacho.

Kagua kwanza, hela baadaye

Kabla hujanunua hata msumari, izunguke nyumba na daftari. Angalia mambo manne.

*Msingi.* Je, maji ya mvua yamechimba udongo chini ya ukuta? Msingi ukiwa umefunuliwa kidogo unazibika. Ukiona kona imezama na ukuta umeinama, hiyo ni kesi nyingine.

*Nyufa.* Ufa mwembamba kwenye lipu usikutishe. Ufa unaopita kwenye tofali zenyewe, weka alama ya penseli pale unapoishia na uandike tarehe. Uangalie tena baada ya masika. Kama umevuka alama, nyumba bado inatembea, na lipu yoyote utakayopiga juu yake itapasuka. Tafuta kwanza kinachoutembeza, mara nyingi ni maji.

*Kenchi.* Panda juu na bisibisi. Choma mbao moja moja, hasa zinapokutana na ukuta. Bisibisi ikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshamaliza kazi.

*Bati.* Ingia ndani mchana, funga milango na madirisha, tazama juu. Kila kitobo kitakuonyesha mwanga. Kama nyumba ina paa la asbesto, yale makaratasi magumu ya kijivu kama saruji, usiyakate wala kuyavunja. Vumbi lake likivutwa linaleta magonjwa ya mapafu, hata saratani. Ongea na afisa mazingira wa halmashauri kabla fundi hajapanda.

Sasa, nitakuwa mkweli. Nyumba ambayo kuta zimeinama, msingi umezama pande mbili, au iliyojengwa kwa tofali mbichi zilizonywa maji mpaka zinameguka, hiyo iache. Hata hivyo, mpangilio wa hela ninaousema hapa chini bado unakuhusu.

Msimu wa kwanza: paa

Kwetu tunavuna kuanzia Juni, na mvua hazirudi mpaka karibu na Novemba au Desemba. Yaani hela inapatikana wakati ambao ndio mzuri wa kufungua paa. Tumia nafasi hiyo.

Si lazima ubadilishe bati zote. Nyumba nyingi zinavuja kwenye matundu ya misumari, kwenye kofia, na kwenye mabati machache yaliyooza upande unaopigwa sana na mvua. Badilisha yaliyooza, gongelea upya yaliyolegea kwa misumari yenye raba, na hakikisha msumari unapigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde linakopita maji. Bati la juu lilale juu ya la chini kwa sentimita 15 au zaidi. Kenchi mbovu zibadilishe kwa mbao zilizotiwa dawa, na uzifunge kwenye ukuta kwa waya mnene ili upepo usije ukazibeba.

Ukinunua bati jipya uliza geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni jembamba zaidi. Wengi tunaangalia rangi tunasahau hilo. Bati la zamani ambalo bado zima halitupwi, linakwenda kwenye banda la kuku au jikoni.

Msimu wa pili: maji

Hapa ndipo nyumba inapoanza kulipa. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80. Kwa mvua ya milimita 1,000 kwa msimu, hizo ni lita 80,000. Toa sehemu ya tano inayomwagika na kukauka, unabaki na lita 64,000. Maji hayo sasa hivi yanaanguka chini, yanachimba msingi wa nyumba, na wewe unachota kwa baiskeli.

Hutaweza kuyahifadhi yote, na huna haja. Simtanki la lita 5,000 kwenye paa kama hilo linajaa kwa takriban milimita 80 za mvua, unatumia, linajaa tena. Kwa maji hayo unahudumia kitalu cha miche, unachanganya dawa ya kunyunyizia bila kumtuma mtu kisimani, na unanywesha mifugo. Ng'ombe wa maziwa anayekamuliwa vizuri anaweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Akikosa maji, maziwa yanashuka hata kama umempa pumba nzuri namna gani.

Weka gata yenye mteremko kidogo kuelekea kwenye tanki, na uyaache maji ya kwanza ya msimu yapite, maana yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tanki likae juu ya kitako imara. Lita 5,000 ni tani 5, usiliweke juu ya udongo wa kujaziwa. Upande ambao hujaweka gata, chimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali na ukuta. Mfereji huo peke yake umeokoa misingi mingi.

Msimu wa tatu: stoo

Hili naliandika kwa msisitizo. Nyumba zetu za zamani zina chumba kimoja ambacho kila mavuno kinajaa magunia mpaka dari. Mara nyingi ni chumba hicho hicho wanacholala watoto. Halafu mtu anaweka vidonge vya kufukiza kwenye magunia, anafunga mlango, wanalala chumba cha pili. Vile vidonge vinatoa gesi ya fosfini. Gesi haina habari na mlango wenye uwazi chini, na inaua. Nyumba wanamolala watu haifukizwi. Nukta.

Chagua chumba kimoja cha pembeni, au bandani, kiwe stoo rasmi chenye mlango wake wa nje. Ziba matundu ya panya. Mwaga sakafu ya zege. Weka dirisha dogo lenye wavu. Tengeneza chaga za mbao ili magunia yasiguse sakafu, na uache nafasi ya kupita kati ya magunia na ukuta. Nafaka iingie ikiwa imekauka, mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Ukitumia mifuko isiyopitisha hewa huhitaji dawa yoyote.

Sumukuvu haikai mbali na sisi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kuvu wake wanapenda nafaka yenye unyevu. Paa linalovuja juu ya magunia ni hatari ya aina hiyo hiyo. Upande wa biashara, mwenye stoo kavu hauzi mahindi Julai kwa bei ya kutupa. Anasubiri. Tofauti ya bei kati ya Julai na Februari ndiyo inayokuja kulipia sakafu ya sebuleni.

Msimu wa nne na kuendelea: sakafu, kuta, umeme, urembo

Maji yakishadhibitiwa, kuta zinakauka, na hapo ndipo pa kuzigusa. Nyumba ya tofali na udongo ina tabia yake. Kwangua udongo uliolegea kwenye viungo, kina cha sentimita 2 hivi, lowanisha, kisha ziba kwa mchanganyiko wa saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6. Mafundi wengi watataka kukupigia lipu yenye saruji nyingi wakisema ndiyo imara. Kwenye ukuta laini lipu ngumu inapasuka na kubanduka vipande vipande. Imwagilie maji kwa wiki nzima, na sakafu vile vile. Ukiacha kumwagilia, saruji yako umeitupa.

Choo kikiwa kibovu usikisubirishe mpaka msimu wa nne, kiingize pamoja na maji. Jiko liwekee bomba la kutolea moshi, mama zetu wameumwa macho na kifua vya kutosha. Umeme uangaliwe na fundi mwenye leseni. Waya zilizowekwa kwa ajili ya taa tatu hazibebi mashine ya kukatakata malisho. Mashine iwe na laini yake.

Madirisha makubwa ya aluminiamu, dari ya jipsam, vigae, rangi: hayo yote ni mazuri na mimi nayapenda. Yanakuja mwisho.

Hela inatoka wapi

Tuseme mwaka huu kahawa na mahindi vimekuingizia milioni 9. Kabla hujamwita fundi, kata hivi: pembejeo na vibarua wa msimu ujao milioni 4, chakula, ada na matibabu milioni 2 na nusu, akiba ya dharura milioni 1. Kilichobaki ni milioni 1 na nusu. Hicho ndicho cha nyumba. Kikiisha, kazi inasimama pale pale mpaka mavuno mengine. Namba zako zitakuwa tofauti, mpangilio usibadilike.

Ndiyo maana nasisitiza kazi moja kila msimu, na imalizike. Paa lililokamilika linakutumikia hata kama mwakani kahawa itagoma. Nusu paa, nusu sakafu na nusu choo havikutumikii chochote.

Hela ya AMCOS ikiingia, nunua vifaa vinavyokaa: mbao, bati, misumari. Bati lihifadhi pakavu, likilowa likiwa limepangana linashika madoa na kutu. Saruji usiilundike. Nunua ya kazi ya wiki hiyo, kwa sababu ikikaa miezi mitatu, hasa penye unyevu, nguvu yake inapungua. Fundi mlipe kwa hatua ya kazi, na vifaa nunua mwenyewe. Usimpe hela yote mkononi ukaenda shambani, utakuja kupigwa.

Nyumba ni ya nani?

Hili vijana hawapendi kulisikia. Unaweka bati, tanki na sakafu kwenye nyumba ya baba. Mzee akitangulia mbele ya haki, kaka aliyeko Dar na dada aliyeolewa Tunduma nao ni watoto wa nyumba hiyo. Nimeona familia zikigawanyika kwa sababu ya tanki la maji.

Itisha kikao mapema, wazazi wakiwa hai. Mheshimu mzee, usimwendee kama mwenye hela. Mwambie, "Baba, naomba nikarabati nyumba yako, naomba tukubaliane mbele ya wenzangu." Andikeni muhtasari: nani anatoa nini, nani ana haki ya kuishi, mama atakaa wapi maisha yake yote. Dada zako wakae kikaoni na waweke sahihi. Tunzeni risiti. Kama ardhi haina karatasi, nendeni kwenye serikali ya kijiji mwanze taratibu za hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hati hiyo inaweza kubeba majina zaidi ya moja. Hakuna saruji inayoziba ufa wa ndugu.

"Watu watanionaje?"

Kijana mmoja aliniambia, "Bwana shamba, mimi siwezi kuleta mchumba kwenye nyumba iliyojengwa kabla sijazaliwa." Nilimwelewa. Kijijini kwetu ukikomaa unatakiwa uonekane umejenga, na aliyemaliza shule na wewe ameshapandisha boma. Presha ipo.

Nilimuuliza swali moja tu: huyo mchumba atafurahia zaidi boma lisilo na paa, au nyumba isiyovuja, yenye maji mlangoni na stoo imejaa? Akacheka, hakujibu. Na ukitaka nyumba yako mwenyewe siku moja, nakuunga mkono kabisa. Ijenge kwa faida ya shamba lenye afya, ukiwa umeshajifunza mafundi, bei na vifaa kwenye nyumba ya mzee. Shamba linaweza kulipia nyumba. Nyumba ambayo haijaisha haijawahi kununua mfuko wa mbolea.

Kazi ya wiki hii: chukua daftari, bisibisi na penseli, ikague nyumba. Andika kasoro zote, kisha chagua moja tu ya mavuno yajayo. Ukisikia kichwa kinakuambia uanze na rangi, panda kwanza uangalie kenchi.

Kila la heri, tukutane shambani.